Nani Amwambie Mkuu? Historia ya Kujitambua kwa Kiongozi Kazini

Tangu binadamu walipoanza kufanya kazi kwa makundi, palikuwa na mmoja wa kuamuru na wengi wa kuamriwa, na wale wengi walimjua yule mmoja kuliko alivyojijua mwenyewe. Walijua saa ya hasira zake, walijua anayempendelea na anayemchukia, walijua jambo asilotaka litajwe mbele yake. Ujuzi huo ulikaa shambani, gatini, karakanani na jikoni, ukasemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi mwenyewe alikufa bila kuusikia. Wahenga waliliona hilo waliposema nyani haoni kundule. Historia ya kujitambua kwa kiongozi kazini ni historia ya jitihada za kuufikisha ujuzi huo kwa mwenyewe: njia zilizofunguliwa ili neno la mdogo limfikie mkubwa, sababu zilizozifungua, na mikono iliyozifunga tena. Makala haya yanaifuata historia hiyo tangu Misri ya kale hadi ofisi za leo za Afrika Mashariki, na hoja yake ni moja. Kiongozi hujitambua kwa kiasi kile ambacho walio chini yake wanaweza kumwambia ukweli wakabaki salama.

Maandishi ya zamani sana kuhusu jambo hili yanatoka ukingoni mwa mto Nile. Mafundisho yanayobeba jina la Ptahhotep, waziri wa Farao Djedkare Isesi wa nasaba ya tano, yanahusishwa na karne ya 24 kabla ya Kristo, ingawa nakala zilizotufikia ziliandikwa karne kadhaa baadaye. Misri ya wakati huo ilikuwa dola yenye wafanyakazi wengi: wachonga mawe, waandishi wa maghala, mabaharia na wakulima walihesabiwa na kulishwa kwa amri ya serikali. Kazi ya namna hiyo ilihitaji safu ndefu ya wasimamizi, na safu ndefu ilileta hatari ya wakubwa kulewa vyeo. Ndiyo maana mzee huyo anamwonya afisa kijana asijivunie elimu yake, ashauriane na asiyejua kama anavyoshauriana na mjuzi, na amsikilize mlalamikaji kwa utulivu mpaka amalize yaliyo moyoni mwake. Shauri hilo lina umri wa zaidi ya miaka 4,000. Udhaifu wake ni kwamba lilitegemea hiari ya mkubwa peke yake. Mlalamikaji hakuwa na haki yoyote ya kudai kusikilizwa.

Hiari hiyo ilipata mfano wake mkubwa katika dola ya Roma. Marcus Aurelius, aliyetawala kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliandika kwa Kigiriki tafakuri za kujihoji, baadhi yake akiwa vitani karibu na mto Danube. Alijiuliza kuhusu hasira zake, uvivu wake wa asubuhi na tamaa yake ya kusifiwa. Wengi wamemchukua kuwa mfano wa kiongozi aliyejitambua akiwa peke yake hemani. Lakini sehemu ya kwanza ya maandishi hayo ni orodha ndefu ya shukrani kwa waliomrekebisha: mama yake, walimu wake, na Rusticus, aliyemfanya aone kwamba tabia yake ilihitaji kunyooshwa. Hata mtu aliyekuwa juu ya wote alikiri kwamba macho ya kujitazama alipewa na wengine.

Karne ya 7 ilileta hatua nyingine, nayo ilikuwa ya utaratibu. Imamu Ali bin Abi Talib alipomteua Malik al-Ashtar kuwa gavana wa Misri, alimwandikia barua ndefu iliyohifadhiwa katika Nahj al-Balagha. Ndani yake anamwagiza atenge wakati maalumu kwa wenye shida, akae nao hadharani, na awaweke mbali askari na walinzi wake ili msemaji aseme bila kigugumizi cha hofu. Hapa jambo limevuka wema wa moyo. Barua inataja muda, inataja mahali, na inataja kitu kinachoziba midomo, yaani mtu mwenye silaha aliyesimama nyuma ya kiti. Mwandishi wake alielewa kwamba masikio ya gavana hayawezi kuwa wazi ikiwa mlango wake unatisha.

Miaka zaidi ya 400 baadaye, Abu Hamid al-Ghazali alilichukua suala hilo akalipeleka ndani ya nafsi. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, kiti kilichokuwa na heshima kubwa katika ulimwengu wa Kiislamu, kwa kuwa aliona nia yake imeingiliwa na kupenda sifa. Katika Ihya Ulum al-Din aliandika juu ya kuihesabu nafsi kama mfanyabiashara anavyomhesabu mshirika wake. Akaeleza pia njia nne za mtu kuzijua aibu zake: kukaa chini ya mwalimu anayeona, kuwa na rafiki mkweli, kusikiliza wanayosema maadui, na kuchangamana na watu akajipima kwa anayoyachukia kwao. Njia zote nne zinapita kwa mtu mwingine. Kitabu hicho kilisomwa katika darsa za pwani ya Afrika Mashariki, na mila ya kuihoji nafsi ikaota mizizi katika fasihi yetu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, aliusemesha moyo wake mwenyewe katika Al-Inkishafi huku akiyatazama magofu ya majumba ya Pate na kuwakumbuka wenye enzi waliodhani hawataondoka.

Hata hivyo pwani hiyohiyo, katika karne ya 19, ilijenga mahali pa kazi ambapo sauti ya mdogo haikuwa na thamani yoyote. Karafuu ziliposhamiri Unguja na Pemba chini ya Seyyid Said na warithi wake, mashamba yalipangwa kwa ngazi: msimamizi juu, nokoa chini yake, kadamu chini ya nokoa, na watumwa chini ya wote. Katika misafara ya bara, wapagazi walitembea chini ya wanyapara. Mfumo wa ngazi hizo ulipeleka amri chini kwa haraka na ulipeleka juu hesabu za mavuno tu. Mtumwa aliyetaka kumjulisha bwana wake kwamba mateso yamezidi alikuwa na lugha moja yenye uhakika, nayo ni kutoroka. Vijiji vya watoro nyuma ya mashamba ya pwani ya Kenya vilikuwa ushahidi wake. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Desturi ya kusimamia kwa kukaripia haikufutwa na sheria hiyo. Ilihamia katika ajira ya mshahara.

Wajerumani waliikuta desturi hiyo wakaiongezea kiboko. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Kusini mwa koloni, maakida na majumbe walilazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo duni. Utawala uliopokea taarifa zake kutoka kwa maakida pekee haukuwa na njia ya kujua jinsi unavyochukiwa. Julai 1905, Wamatumbi wakang'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote hadi mwaka 1907. Kwa makadirio ya chini watu 75,000 walikufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Mwaka huo wa 1907 Bernhard Dernburg, aliyeongoza wizara mpya ya makoloni mjini Berlin, alikuja mwenyewe Afrika Mashariki kuona, na mjadala kuhusu viboko na kazi za kulazimishwa ukawa mkali zaidi. Kile ambacho mlalamikaji mmoja angeweza kukisema asubuhi moja kililazimika kusemwa kwa vita vya miaka miwili.

Wakati huohuo viwanda vya Marekani vilikuwa vikiibua swali hilo kwa sura nyingine. Frederick Taylor, mhandisi wa Philadelphia, alichapisha mwaka 1911 kanuni zake za usimamizi wa kisayansi. Kazi ikatwe vipande, kila kipande kipimwe kwa saa ya kupimia muda, meneja afikiri na mfanyakazi atekeleze. Uzalishaji uliongezeka katika sehemu nyingi, na kanuni hizo zikasambaa duniani. Lakini ziligawa fikra kwa upande mmoja na mikono kwa upande mwingine, na meneja akabaki bila sababu ya kumuuliza mfanyakazi chochote. Agosti 1911, mafundi wa kusubu chuma katika ghala la silaha la Watertown, Massachusetts, waligoma baada ya mwenzao kukataa kupimwa kwa saa. Bunge la Marekani liliunda kamati kuchunguza, na Taylor mwenyewe akahojiwa mwaka 1912. Mtu aliyepima kila mkono kiwandani alikuwa hajapima athari ya kusimama kwake nyuma ya mfanyakazi na saa.

Jibu lilianza kupatikana Hawthorne, kiwanda kikubwa cha vifaa vya simu cha Western Electric karibu na Chicago. Majaribio yaliyoanza mwaka 1924 yalitaka kujua kama mwanga bora huongeza kazi, na matokeo yakawachanganya watafiti. Kuanzia mwaka 1928 kampuni iliendesha mahojiano na wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwanzoni wahojaji walikuwa na maswali yaliyopangwa, wakitafuta kasoro za wasimamizi ili wazitumie katika mafunzo. Baada ya muda waligundua kwamba mfanyakazi alitaka kusema mengine, wakaacha maswali yao wakamwachia mazungumzo. Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walieneza fundisho lililotoka hapo: namna msimamizi anavyowatendea watu ni sehemu ya kazi kama ilivyo mashine. Hapo kampuni kubwa ilikusanya kwa utaratibu kile ambacho wadogo wanakijua kuhusu wakubwa. Bado ilikikusanya kwa faida yake, na mwenye malalamiko hakuwa na uwezo wa kudai kitu kibadilike.

Uwezo huo ulidaiwa kwa migomo katika bandari za Afrika Mashariki. Chini ya Waingereza, Tanganyika ilipata Idara ya Kazi mwaka 1926, kisha ikafutwa miaka michache baadaye kwa sababu ya mdororo wa uchumi. Mashamba ya mkonge ya Tanga yaliendelea kujazwa manamba kutoka mikoa ya mbali, na kila mmoja alihesabiwa kwa kipande chake. Mwaka 1939 makuli wa Mombasa na Tanga waligoma. Januari 1947 Mombasa yote ilisimama, Septemba mwaka huo Dar es Salaam ikafuata, na mgomo ukapanda na reli kuelekea bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja. Mara kwa mara serikali iliunda tume au baraza la usuluhishi, na kila tume ilishangazwa na mambo ambayo kuli yeyote angeyaeleza bure: mshahara usiotosha kodi ya chumba, matusi ya wasimamizi, kazi ya kibarua isiyo na kesho. Kutokana na migomo hiyo vikakua vyama, na katika miaka ya 1950 Tom Mboya nchini Kenya na Rashidi Kawawa katika Tanganyika Federation of Labour, iliyoundwa mwaka 1955, wakawa sauti ambazo mwajiri alilazimika kuketi nazo mezani. Chama cha wafanyakazi kilimpa mwajiri kioo ambacho hakukiomba.

Ng'ambo ya bahari, ugunduzi mwingine ulitokea karibu kwa bahati. Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, aliendesha warsha mwaka 1946 katika mji wa New Britain, Connecticut, kwa watu waliotaka kupunguza ubaguzi katika jamii zao. Kila jioni watafiti walikutana kujadili waliyoyaona mchana katika mienendo ya washiriki. Baadhi ya washiriki waliomba wahudhurie, na Lewin akakubali. Mmoja alisikia mwenendo wake ukielezwa akapinga. Wengine walitoa maelezo yao. Mjadala ukawa mkali na wenye mafunzo kuliko mihadhara yote ya mchana. Siku zilizofuata washiriki wengi walikuja. Lewin alifariki Februari 1947, lakini kiangazi cha mwaka huo wenzake walifungua mafunzo ya kudumu huko Bethel, Maine, ambako mameneja na viongozi walikaa katika vikundi vidogo wakielezana wanavyoonana. Desturi ya mrejesho, inayotajwa leo katika kila semina ya uongozi, ilichipuka katika vyumba hivyo.

Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, waliichora desturi hiyo katika mraba wenye vyumba vinne, wakauita Johari kwa kuunganisha majina yao ya kwanza. Chumba kimoja kina yale ninayoyajua kuhusu nafsi yangu na wengine wanayajua. Cha pili yale ninayoyaficha. Cha tatu yale ambayo wengine wanayaona nami siyaoni. Cha nne yale yasiyojulikana na yeyote. Mchoro huo umedumu kwa sababu unaonyesha mpaka wa tafakuri ya peke yako. Mtu anaweza kusali, kuandika shajara na kukaa kimya milimani, na chumba cha tatu kikabaki kimefungwa, kwa kuwa ufunguo wake uko mikononi mwa wenzake.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, viti vya wakubwa vilianza kukaliwa na wananchi, na swali la zamani likawauma wakaliaji wapya. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na miongoni mwa waliyoyasema ni kwamba viongozi wanaishi kwa mishahara minono huku wakiwahubiria wengine kujitolea. Mwalimu Julius Nyerere alikasirika. Papo hapo alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akapunguza wake kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa chuoni. Tukio hilo moja lina historia yote ya suala letu ndani yake. Kiongozi alisikia ukweli, akaupokea, akajirekebisha kwa tendo, kisha waliousema wakaadhibiwa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likaja na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki hisa, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Azimio lilishughulikia mali ya kiongozi. Mwenendo wake kazini ulisubiri miaka minne. Mabenki na viwanda vikubwa vilipokuwa mali ya umma, meneja mweusi alikalia kiti cha meneja mweupe, na wafanyakazi wengi waliona ukali umebaki palepale. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma kuunda mabaraza ya wafanyakazi, lakini nguvu yao ilikuwa ya kushauri, na wakuu wa idara nao waliketi humo. Kisha Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, TANU, chama tawala, ikatoa waraka wa sera ulioitwa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kilikwenda mbali kuliko waraka wowote wa serikali uliotangulia: kiliwakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Tabia ya mkubwa kwa mdogo, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa suala la bahati, ikawa suala la sera ya chama tawala.

Wafanyakazi walikichukulia kifungu hicho kwa uzito kuliko waliokiandika walivyotarajia. Kati ya mwaka 1971 na 1973 maelfu waligoma viwandani, na tofauti na migomo ya kikoloni, mingi haikuanza kwa mshahara. Ilianza kwa lugha ya matusi, kwa meneja anayefukuza watu ovyo, kwa mkubwa anayetumia gari la shirika kwa mambo yake. Mahali pengine mameneja walifungiwa nje ya lango, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walikitwaa kiwanda chenyewe. Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, aliziandika siku hizo kwa kina. Wapo waliovuka mpaka, na uzalishaji ulidhurika. Lakini wapo mameneja waliojifunza katika wiki moja ya mgomo mambo yaliyowapita kwa miaka. Serikali iliona nidhamu ya kazi inaporomoka, ikakaza mkono. Wagomaji wakaanza kufukuzwa, na kufikia katikati ya muongo vuguvugu lilikuwa limezimwa. Mwongozo haukufutwa. Ulibaki katika maktaba.

Mwaka 1977 unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa uliacha mifano miwili inayopingana. Nyerere alichapisha tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, akasema waziwazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, na akataja makosa ya serikali yake. Ni nadra mkuu wa nchi aliye madarakani kuandika hivyo kuhusu kazi yake. Tarehe 27 Machi ya mwaka huohuo, katika ukungu wa uwanja wa ndege wa Tenerife, rubani mkuu wa ndege ya KLM, mwalimu wa marubani mwenye sifa kubwa katika shirika lake, alianza kuruka huku ndege ya Pan Am ikiwa bado kwenye njia ileile. Mhandisi wa ndege aliuliza kama Pan Am imeshatoka. Rubani mkuu alijibu kwa uhakika kwamba imetoka, na mhandisi hakuendelea kubisha. Watu 583 walikufa. Ajali hiyo na nyinginezo zililazimisha sekta ya anga kubadilika: kuanzia warsha ya NASA ya mwaka 1979, mashirika yalianza kuwafundisha marubani wakuu kuuliza na kusikiliza, na wasaidizi wao kusema kwa sauti mpaka wasikike. Mafunzo hayo leo ni ya lazima karibu kila mahali. Sekta ya anga ilikubali kwamba ubora wa rubani mkuu unajumuisha uwezo wa mdogo wake kumkatiza.

Katika Afrika Mashariki muongo wa 1980 ulikwenda kinyume. Uchumi uliyumba, vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin vilikuwa vimekausha hazina, na mwaka 1986 Tanzania ilisaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mashirika ya umma yalipunguza watu, na mfanyakazi anayehofia kupunguzwa hamwambii meneja aibu zake. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi ya Arusha. Katika utumishi wa umma tathmini ilifanywa kwa ripoti ya siri: mkubwa aliandika kuhusu mdogo, mdogo hakuona kilichoandikwa, na hapakuwa na karatasi yoyote ambayo mdogo aliandika kuhusu mkubwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilirudisha wajibu wa kutangaza mali na kukwepa mgongano wa maslahi. Dharau na uonevu wa kila siku ofisini vilibaki bila mlango wa kuvipokea.

Ulimwengu wa biashara nao ulikuwa ukigeuza kujitambua kuwa elimu inayouzwa. Mwaka 1995 Daniel Goleman alichapisha kitabu chake kuhusu akili ya hisia, na mwaka 1998 akaandika kwamba kujitambua ndiyo nguzo ya kwanza ya kiongozi bora. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba asiyejua jambo huelekea kutojua kwamba halijui. Mwaka huohuo Amy Edmondson wa Harvard alionyesha kwamba vikundi hujifunza pale wanachama wanapoamini kuwa hawatadhalilishwa wakikiri kosa au wakiuliza. Naye Tasha Eurich, aliyewatafiti watu karibu 5,000, alieleza mwaka 2018 kwamba ingawa wengi mno hujiona wanajitambua, waliotimiza vigezo vyake walikuwa kati ya asilimia 10 na 15. Akabainisha pia kwamba kadiri mtu anavyopanda cheo na uzoefu ndivyo anavyoelekea kujikadiria zaidi ya ukweli, kwa kuwa juu yake wamebaki wachache wa kumkosoa na walio chini wanaogopa. Tafiti hizi zimeipa takwimu hofu aliyokuwa nayo Ptahhotep.

Mwanzoni mwa karne hii milango kadhaa ilifunguliwa upya kwetu. Nchini Tanzania, Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 iliyapa mabaraza ya wafanyakazi msingi wa kisheria. Mwaka 2004 ripoti ya siri iliondolewa, ikaja OPRAS, mfumo wa wazi ambamo mtumishi na msimamizi wake walipaswa kukaa pamoja, kukubaliana malengo na kupitia utekelezaji. Kenya iliweka uongozi na uadilifu katika sura ya sita ya Katiba yake ya mwaka 2010. Lakini OPRAS katika ofisi nyingi iligeuka fomu ya kujazwa mwisho wa mwaka, na katika mwaka wa fedha 2023/24 nafasi yake ilichukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kielektroniki unaofuatilia kazi ya mtumishi hatua kwa hatua. Mifumo yote miwili ina faida zake. Yote miwili pia hutazama zaidi kutoka juu kwenda chini, na kompyuta inaweza kuonyesha kazi iliyochelewa bila kuonyesha kwamba ilichelewa kwa sababu watu wanaogopa kuingia ofisini kwa mkuu.

Ofisi ya leo ni matokeo ya zama hizo zote. Ina msimamizi wa shamba la karafuu ndani yake, anapokaripia mtu mbele ya wenzake. Ina Taylor, katika vipimo vinavyomhesabu mfanyakazi dakika kwa dakika. Ina semina za Bethel, katika mafunzo ya siku mbili hotelini ambayo hayafuatwi na lolote. Ina sanduku la maoni ukutani lisilofunguliwa, na kundi la WhatsApp ambamo kila agizo hujibiwa "sawa mkuu" na ukweli huandikwa katika kundi jingine ambalo mkuu hayumo. Kilichobadilika tangu zama za kale ni wingi wa nyenzo: sheria zipo, mabaraza yapo, utafiti upo. Kisichobadilika ni bei anayolipa mdogo akisema. Pale bei hiyo ilipokuwa kiboko, palizuka vita; ilipokuwa kufukuzwa kazi, palizuka mgomo au kimya; ilipopunguzwa kwa makusudi, kama katika vyumba vya marubani, watu walipona.

Kwa hiyo, wewe uliyepewa watu wa kuongoza, shajara na tafakuri ni vyema uvishike, lakini historia inakudai zaidi ya hapo. Mtafute mfanyakazi mwenye cheo cha chini kabisa katika idara yako, ujiulize ni njia gani anayo ya kukueleza kosa lako na kesho akaamkia kazini akiwa hana hofu. Ikiwa hana, hujijui bado, hata kama vyeti vyako vya uongozi vimejaa ukutani. Tenga siku na mahali, waondoe wanaotisha, mlinde atakayesema. Kisha rekebisha walau jambo moja ulilosikia, na uwaambie wote hadharani kwamba umelirekebisha kwa sababu yao.